Tairi ya tyubulesi ya MTB inakaza na haiingii kwenye rimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayehama kutoka tyubu kwenda tyubulesi, yani tairi isiyo na tyubu ndani, anaishia kuuliza maswali haya, na mengi yanazunguka jambo moja: tairi mpya ya baiskeli ya milimani imebakiza sentimita kumi hivi kuingia, vidole vinauma, na haisogei. Jibu fupi kabla hujasoma mengine ni kwamba ulegevu unaoutafuta uko kwenye mfereji wa katikati ya rimu, hauko kwenye misuli. Ukilishika hilo, maswali mengi ya chini yanajijibu yenyewe.

## Mambo ya msingi

Mateso yote haya ya nini, si nibaki tu na tyubu?

Inategemea unapoendesha. Kama ni lami na barabara za vumbi zilizonyooka, baki na tyubu, hakuna atakayekulaumu. Ila kama unapita kwenye migunga ya Hell's Gate pale Naivasha, au sehemu kavu kama Dodoma ambako mbigili zimejaa njiani, tyubu itakumaliza. Mwiba mdogo ukiingia kwenye tyubulesi, silanti (maji mazito meupe ya kuziba matundu yanayowekwa ndani ya tairi) inaziba palepale, mara nyingi hata hujui kama umechomwa. Faida ya pili ni presha: unaweza kuendesha na psi 20 hadi 25 hivi bila kuogopa rimu kuibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili, na presha ndogo inakupa mshiko kwenye changarawe na mizizi. Shida kubwa ni siku ya kuivalisha, na ndo maana ukurasa huu upo.

Kwanini tairi ya tyubulesi inakaza kuliko ya kawaida?

Kwa sababu imepewa kazi mbili. Kwenye tairi ya kawaida upepo unashikwa na tyubu, tairi yenyewe inatakiwa tu isichomoke, hata ikilegea kidogo inaenda. Ya tyubulesi ukingo wake, ule mdomo mgumu wa tairi unaokaa kwenye rimu, ndo unaozuia upepo, lazima ubane rimu mzunguko mzima bila kuacha pengo, na ubaki hapohapo hata ukigonga mawe na presha ndogo. Kwa hiyo ukingo unatengenezwa mgumu usiotanuka, mara nyingi kwa Kevlar, nyuzi ngumu za plastiki, na rimu nayo inawekewa kitako chenye kigongo kidogo ili ukingo ukishapanda usirudi ulikotoka.

Kampuni ya magurudumu ya Mavic ilileta mfumo wa tyubulesi wa UST mwaka 1999, na kwenye mfumo ule vipimo vya rimu na vya tairi vilipangwa viendane. Siku hizi tairi na rimu nyingi zinaandikwa TR, TLR (yani tubeless ready, tayari kwa tyubulesi) au maneno kama hayo, na vipimo vinapishana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda. Ndo maana tairi ileile inaingia kwa mikono mitupu kwenye rimu ya mwenzako, afu kwako inagoma. Haimaanishi umeuziwa feki.

Huo mfereji wa katikati ni nini, mbona kila mtu anautaja?

Chukua rimu isiyo na tairi uiangalie kwa ndani. Kuna ukuta huku na huku, chini ya kila ukuta kuna sehemu bapa, hicho ndo kitako, ukingo wa tairi unakaa hapo ikishajaa upepo. Katikati pamezama, na tundu la vali liko hapo. Huo ndo mfereji. Ukingo ukiwa ndani ya mfereji unazunguka duara dogo, ukiwa kwenye kitako unazunguka duara kubwa, na tofauti ya hayo maduara mawili ndo ulegevu wako.

Tupige hesabu. Tuseme mfereji umezama milimita 3 chini ya kitako. Kipenyo kinapungua milimita 6, na mzunguko unapungua karibu milimita 19, yani karibu sentimita 2 nzima unapewa bure. Lakini unazipata zote ukiwa umeuingiza ukingo mferejini karibu mzunguko mzima. Ukiacha nusu ya tairi imepanda kitakoni, nusu ya ulegevu imepotea, na hapo ndo watu wanaanza kuvunja leva (vijiti vya kuinulia tairi) na kulaumu tairi.

Nitajuaje kama tairi na rimu ni saizi moja?

Usiamini inchi peke yake, soma namba ya ETRTO, yani kipimo rasmi cha tairi na rimu, iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 57-622. Hiyo 57 ni upana kwa milimita, 622 ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa. Inchi 29 ni 622, inchi 27.5 ni 584, na inchi 26 ya MTB ni 559. Namba ya mwisho kwenye tairi na kwenye rimu lazima zifanane, hakuna "inakaribiana".

Tahadhari hasa na inchi 28. Zile baiskeli za mzigo za aina ya Phoenix zenye tairi ya 28 x 1 1/2 zinatumia 635, wakati 28 ya baiskeli nyingi za Ulaya zilizoandikwa 700C ni 622, sawa kabisa na 29. Ukijaribu kuvalisha tairi ya 622 kwenye rimu ya 635 utahangaika mpaka usiku na haitaingia, na hapo kweli tatizo sio mbinu.

Rimu yangu ni ya zamani au ya mtumba, inakubali tyubulesi?

Tafuta maandishi ya tubeless kwenye rimu, au pima umbo lake kwa macho: ina kitako bapa na mfereji unaoonekana? Rimu nyingi za zamani hazina kitako cha maana, ukingo unakuwa umening'inia tu kwenye ukuta, na ukikata kona kwa presha ndogo upepo unatoka ghafla pembeni. Kuna watu wanalazimisha kwa tepu nyingi za kuzungushia ndani ya rimu na inashika kwa muda, lakini kwa gurudumu la mbele mimi siwezi kumshauri mtu, ukianguka mteremkoni hakuna wa kukuokota.

Angalia pia tundu la vali. La Presta, vali nyembamba ya baiskeli, ni milimita 6.5, la vali ya gari yani Schrader ni 8.5. Vali nyembamba kwenye tundu kubwa inacheza na upepo unavuja, nunua vali ya tyubulesi inayolingana na tundu lako.

Niandae nini kabla ya kuanza?

Sabuni ya maji na chupa ya kupulizia, leva mbili au tatu za plastiki ngumu, pampu ya kusimama, kifaa cha kufungulia kiini cha vali (kile kijipande cha ndani kinachozuia upepo), matambara, na mkanda au kebo tai mbili tatu. Bomba la sindano lisilo na sindano linasaidia kuweka silanti bila kumwaga. Ukiwa na glavu zenye mpira viganjani hata bora, mkono mkavu unashika tairi vizuri kuliko mkono wenye sabuni. Usiweke silanti bado, kwanza tairi ikae.

## Kuvalisha

Nianzie kwenye vali au upande wa pili wa vali?

Anzia upande wa pili, malizia kwenye vali. Hili linabishaniwa sana na wengine wamefundishwa kinyume, lakini sababu yake iko wazi: kitako cha mpira cha vali kinakaa ndani ya mfereji na kinaujaza. Pale penye vali ukingo hauwezi kuzama. Ukianzia hapo afu ukamalizia upande wa pili, ile sehemu inayotakiwa kuzama kabisa ili ikupe ulegevu ndo inakuwa imezuiwa na vali. Ukimalizia kwenye vali, upande wa pili wote uko huru kuzama.

Ukifika mwisho isukume vali iingie ndani kidogo, uifungue nati yake kwanza, ukingo upite juu yake, halafu uivute tena nje. Na kabla hata hujaanza angalia mshale wa mzunguko ubavuni mwa tairi. Kuvua tairi iliyokaza kwa sababu tu umeivalisha kinyumenyume inakatisha tamaa.

Upande wa kwanza umeingia kirahisi, wa pili umegoma. Kwanini?

Ni kawaida. Upande wa kwanza tairi iko wazi, haina kinachoivuta. Ukifika wa pili, mwili wa tairi unausukuma ukingo wa kwanza upande kitakoni na unauvuta wa pili utoke mferejini. Kwa hiyo kabla ya kuanza upande wa pili, zunguka tairi nzima ukiibana kwa vidole ili kingo zote mbili ziende katikati. Kama mfereji ni mwembamba na hazienei zote mbili, ukingo wa kwanza uache ukae upande wake, mfereji uachie huu wa pili ndo unaouhitaji.

Nimebakiza sentimita kumi za mwisho na haisogei kabisa. Nifanyeje?

Acha kusukuma. Kila mtu akifika hapa anakomaa na zile sentimita kumi, wakati tatizo liko upande wa pili wa gurudumu. Ukingo umepanda tena kitakoni wakati wewe unahangaika huku. Fanya hivi: funga mkanda au kebo tai kuzunguka tairi na rimu pale ulipoishia, pande zote mbili, ili ulichokwisha kuingiza kisirudi nje. Halafu simamisha gurudumu, vali ikiwa chini karibu na miguu yako, anza juu kabisa, bana tairi kwa mikono miwili na ukamue ulegevu kuushusha chini, mkono wa kulia unashuka kulia, wa kushoto unashuka kushoto, hivyohivyo mpaka zikutane kwenye vali. Rudia mara mbili tatu. Utaona zile sentimita kumi zimebaki sita.

Hapo pulizia maji ya sabuni kwenye ukingo uliobaki tu, weka gurudumu juu ya paja au mezani, na sukuma kwa viganja kwa kuviringisha tairi kutoka upande wa mbali kuja juu ya ukuta. Usiminye kwa ncha za madole gumba, kiganja ndo kina nguvu na hakiumii. Sukuma kidogokidogo kutoka pembeni, sentimita moja huku, moja kule, badala ya kulazimisha katikati yote kwa mara moja.

Ikigoma bado, rudi upande wa pili ukamue tena. Kweli, tena. Mara nyingi sana ni hapo, na asiyerudi ndo anayeishia na leva iliyovunjika mkononi.

Naruhusiwa kutumia leva? Na bisibisi je?

Leva ya plastiki ndiyo, lakini baada ya kufanya yaliyoandikwa kwenye swali lililopita, sio kabla. Chota kipande kidogo cha ukingo, sentimita mbili hivi kwa wakati, inua, sogea. Ukichota kipande kirefu unahitaji nguvu kubwa na leva inaingia ndani mno, inakwaruza tepu. Tepu ikichanika kidogo tu, upepo unaingia ndani ya rimu na unatokea kwenye matundu ya spoki, na utatafuta pancha kwenye tairi wiki nzima bila kuiona.

Bisibisi, mpini wa kijiko, spana, hapana. Chuma kinakata tepu, kinakwaruza alumini, na kwenye kaboni kinaweza kupasua ukuta wa rimu. Kama unavalisha tairi ngumu mara kwa mara kuna koleo maalum ya kuvuta ukingo, upande mmoja unaegemea rimu ya mbali na mwingine unavuta ukingo juu ya ukuta. Ni kifaa rahisi na kina faida kubwa hasa kwa mtu mwenye mikono isiyo na nguvu. Fundi yeyote anayeshughulika na tyubulesi anatakiwa awe nayo.

Sabuni gani inafaa? Mafuta ya kula au grisi je?

Sabuni ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na maji inatosha, kijiko kimoja kwenye chupa ya nusu lita. Inateleza wakati unafanya kazi na ikikauka inaacha tairi imeshika. Usitumie grisi wala oili ya injini, mafuta yanaharibu mpira na hayakauki, tairi inaweza kuteleza kwenye rimu ukifunga breki. Mafuta ya kupikia nayo yanabaki na utelezi wake, achana nayo. Pulizia ukingo tu, ukiloanisha tairi nzima utashindwa kuishika. Kinga diski ya breki kwa mfuko wa plastiki au itoe kabisa, isipate sabuni wala silanti.

Tepu ya rimu inahusika vipi na kukaza?

Inahusika sana kuliko watu wanavyodhani. Tepu inapanda juu ya kitako na ndani ya mfereji, kwa hiyo kila tabaka linakula ulegevu wako. Rudi kwenye hesabu ya mfereji hapo juu: tepu nene ya kitambaa yenye nusu milimita ukiizungusha mara mbili unajaza milimita 1, na mzunguko unaongezeka milimita 6 na kidogo. Hiyo ni theluthi nzima ya ulegevu uliokuwa nao, imeenda kwenye tepu.

Kwa tairi inayokaza tumia tepu nyembamba ya tyubulesi, raundi moja au mbili kufuatana na maelekezo yake, na iwe pana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita chache ili ifike kwenye kuta na izame mferejini bila kuacha pengo chini. Ivute kwa nguvu wakati wa kuibandika, osha rimu kwanza kwa spiriti. Kama tepu imekaa kama ngoma juu ya mfereji, haijaugusa chini, ukingo hautazama na itachanika mapema. Kama rimu ilikuwa na tepu ya zamani, ibandue yote, usibandike mpya juu yake. Kwa tairi iliyogoma kabisa, hiki ndo kitu cha kwanza ningekiangalia.

Kuianika tairi juani kunasaidia?

Kunasaidia. Mpira ukipata joto unalainika na mikunjo ya kiwandani inaachia. Nusu saa juani inatosha. Usiiweke karibu na moto wala kuichemsha. Njia nyingine ni kuivalisha na tyubu na kuiacha na upepo usiku kucha, kesho yake inakuwa na umbo. Ukingo wenyewe wa Kevlar hautanuki kwa jua, kwa hiyo usitegemee muujiza.

## Kuipandisha kwa upepo

Tairi imeingia lakini napampu upepo wote unatoka pembeni. Shida nini?

Sasa unahitaji kinyume cha ulichokuwa unafanya. Wakati wa kuvalisha ulitaka ukingo uwe mferejini, sasa unataka upande kitakoni, na upepo wa pampu ya kawaida unaingia polepole kuliko unavyotoka.

Kwanza toa kiini cha vali, tundu linakuwa kubwa na upepo unaingia kwa kasi. Pili, kwa mkono zunguka ukivuta kingo ziende pembeni, hasa karibu na vali, hakikisha vali haijakalia juu ya ukingo. Tatu, paka maji ya sabuni kingo zote mbili. Pampu haraka bila kupumzika. Ikikataa, ning'iniza gurudumu badala ya kuliweka chini, uzito wake unaisukuma tairi upande.

Njia ya uhakika isiyohitaji kifaa chochote cha bei ni ya tyubu: weka tyubu ndani, jaza mpaka kingo zote zikae, achia upepo, vua upande mmoja tu, toa tyubu taratibu, weka vali ya tyubulesi, rudisha upande ule. Sasa upande mmoja tayari umeziba na unapambana na mmoja tu.

Naweza kwenda kutumia kompresa ya sheli?

Unaweza na inafanya kazi vizuri, ila beba adapta ya kugeuza Presta iwe kama vali ya gari, ni kijipande kidogo cha shaba na bei yake ni ndogo. Kumbuka mashine ile imezoea tairi za magari, tairi yako ni ndogo, kwa hiyo minya kwa vipande vifupi, achia, angalia, minya tena. Usimuachie mhudumu ajaze kama anavyojaza gari. Pampu yenye tanki inayouzwa kwa ajili ya tyubulesi inafanya kazi hiyohiyo nyumbani. Yale matanki ya kujitengenezea kwa chupa za soda za plastiki usiyaguse, chupa ikipasuka na presha usoni hutasahau.

Inatakiwa ilie? Na mwisho wa presha ni ngapi?

Nyingi zinalia "pa!" mara kadhaa, ni ukingo unaruka kigongo na kukaa. Nyingine zinapanda kimya. Usitegemee sikio, tegemea macho: kila tairi ina mstari mwembamba ubavuni karibu na rimu, uzungushe gurudumu uangalie kama mstari uko umbali uleule kutoka rimu mzunguko mzima, pande zote mbili.

Kuhusu presha, soma kikomo kwenye tairi na kikomo kwenye rimu, fuata kilicho kidogo. Tairi nyingi za MTB zinakaa zikiwa na psi 25 hadi 40. Usivuke kikomo hata ukiwa umebakiza sehemu moja tu, na kwenye rimu zisizo na kulabu ndani ya ukuta uwe makini zaidi kwa sababu hakuna kulabu ya kusaidia kuishika tairi isiruke. Vaa miwani na usilete uso karibu.

Sehemu moja imezama na haipandi. Niongeze presha?

Hapana kama umefika kikomo. Achia upepo wote, bonyeza hiyo sehemu irudi mferejini, ipake sabuni ya kutosha, jaza tena. Rudia. Ikiendelea kuzama palepale, angalia kama tepu imejikunja hapo au kuna silanti kavu kitakoni.

Silanti niweke lini na kiasi gani?

Baada ya kuhakikisha tairi imepanda kavu. Achia upepo, toa kiini cha vali, ingiza silanti kwa bomba kupitia vali, rudisha kiini, jaza, zungusha na lalia gurudumu kila upande. Kwa tairi ya 29 yenye upana wa 2.25 hadi 2.4 weka kati ya ml 90 na 120. Ukiweka kabla, tairi ikigoma kupanda utakuwa na maziwa sakafuni, ukutani na kwenye suruali.

Sehemu za joto inakauka haraka. Kwa Dar, Mombasa au Dodoma angalia kila baada ya miezi miwili, kwa baridi ya Lushoto inaweza kwenda zaidi. Gesi ya kaboni dayoksaidi (CO2) ya kujazia tairi kwenye vichupa vidogo usiitumie siku ya kwanza, silanti nyingi za mpira asilia zinagandishwa nayo. Iweke kwa dharura njiani tu.

## Kuvua na pancha za porini

Nataka kuitoa na haitoki kabisa kitakoni.

Achia upepo wote, toa kiini. Bana tairi kwa viganja viwili ukisukuma ukingo uende katikati, anza sehemu moja mpaka iachie, ikishaachia moja nyingine zinafuata. Ikigoma, laza gurudumu chini, upande wa diski ukiwa juu, kanyaga ubavu wa tairi kwa kiatu laini, tairi tu, sio rimu wala spoki. Usichomeke leva wakati ukingo bado uko kitakoni, hapo ndo rimu zinapinda. Ukishaachia mzunguko mzima, zamisha upande ulio mbali na vali, afu chota kwa leva karibu na vali. Sheria ileile ya mfereji, kwa kurudi nyuma.

Nimepata pancha kubwa porini, lazima niivue tairi yote?

Jaribu kuepuka. Beba kamba za kuzibia, kama zile mafundi wanazotumia kwenye tairi za bodaboda na gari, lakini saizi ya baiskeli. Sukuma kamba kwenye tundu, ongeza upepo, endelea. Tairi haitoki kabisa kwenye rimu na huna haja ya kupambana nayo juani.

Ikichanika sana na inabidi uweke tyubu, vua upande mmoja, toa vali ya tyubulesi, na hapa ndo wengi wanasahau: pitisha vidole ndani ya tairi taratibu utoe miiba yote. Tairi iliyotembea miezi kwenye mbigili na migunga imejaa ncha zilizozibwa na silanti, hazikukusumbua kwa sababu hapakuwa na tyubu. Ukiweka tyubu bila kuzitoa itatoboka kabla hujafika kilomita moja. Kuirudishia, fuata "Nimebakiza sentimita kumi", na tyubu iwe na upepo kidogo sana ili usiibane na leva.

## Kesi za pembeni

Nina inseti za sponji ndani ya tairi. Itaingia kweli?

Itaingia lakini ni kazi. Sponji inakaa mlemle mferejini ulipotaka kuzamisha ukingo, kwa hiyo unailazimisha ipande. Valisha upande wa kwanza, weka sponji, halafu kila unapoingiza ukingo wa pili tumia mkono au leva kuuchomeka chini ya sponji, uende mferejini. Mtu wa pili wa kushikilia anasaidia sana. Tumia vali yenye matundu ya pembeni, la sivyo sponji inaziba upepo. Kama hukimbii kwenye mawe makubwa, sioni sababu ya kuziweka.

Rimu ni za kaboni, kuna tofauti?

Mbinu ni ileile, uvumilivu uwe mwingi zaidi. Plastiki tu, hakuna chuma, na kikomo cha presha soma kwenye rimu yenyewe.

Tairi ya waya, isiyoandikwa tubeless, naweza kuitumia?

Usifanye. Ukingo wake haukutengenezwa kubana kitako, na ubavu wake mara nyingi unavuja kama chujio. Hata ikiingia kirahisi, huo urahisi wenyewe ndo dalili mbaya.

Nimefanya yote hapo juu na bado haingii. Ni tairi mbovu?

Hakikisha kwa mpangilio: namba ya ETRTO, tepu, vali, mfereji. Kisha jaribu tairi nyingine kwenye rimu hiyo, na tairi hiyo kwenye rimu nyingine. Kama tairi inagoma kila mahali, irudishe dukani ikiwa bado safi, kabla ya kuipaka silanti. Kama ni rimu inayokataa kila tairi, mfereji wake hauna kina cha kutosha na utaishi na hilo. Chagua tairi zenye sifa ya kulegea kidogo kwenye ukingo, uliza waendeshaji wenye rimu kama yako wanatumia gani. Na kabla ya safari ndefu jaribu kuivua na kuivalisha nyumbani kwa vifaa ulivyobeba begini tu. Ukishindwa sebuleni, porini hutaweza, na ni bora ubadilishe tairi kabla ya kuondoka.